Inuyasha: sehemu 26 za mwisho zimeniudhi vibaya

Tahadhari mapema: humu nitataja nani anakufa na wapi. Kama hujaimaliza, pita kwanza.

Naipenda Inuyasha, hadithi ya kijana nusu shetani na msichana wa Tokyo aitwaye Kagome, kuliko anime nyingine yoyote ya mashetani, na ndiyo maana msimu wake wa mwisho unanitia hasira kila nikiurudia. Nimeurudia majuzi. Hasira iko palepale, tena imezidi, kwa sababu safari hii niliangalia huku manga, yaani vitabu vya michoro ilikotoka, ikiwa pembeni.

Tuanze na hesabu, maana ugomvi wangu wote unatoka hapo. Manga ya Rumiko Takahashi ilichapishwa kuanzia 1996 hadi 2008, juzuu 56, sura 558. Studio ya Sunrise ilianza kuirusha kama anime Oktoba 2000, na kufikia Septemba 2004 walikuwa sehemu ya 167, wameshaifikia manga mgongoni na hakuna cha kuchora tena. Wakasimama. Naraku, adui mkuu, hai; kito cha nguvu kilichovunjika vipande na kugombaniwa na wote hakijakamilika; kijana Kohaku bado anaishi kwa nguvu ya kipande chake kilichopachikwa mgongoni. Miaka mitano kimya. Waliporudi Oktoba 2009 wakapewa sehemu 26 tu za kumaliza juzuu kama 20 zilizobaki.

Gawanya mwenyewe. Mwanzoni juzuu moja ilikuwa inakula karibu sehemu tano, ukihesabu na zile za kujazia. Mwishoni juzuu moja inapata sehemu moja na chenji. Juzuu ina sura kama kumi, sura ina kurasa kama 18, na ukiondoa wimbo wa kufungulia na wa kufungia unabaki na dakika ishirini hivi. Kwa hiyo kurasa zaidi ya 130 zinapitishwa ndani ya dakika ishirini. Na usimlaumu mwongozaji. Ni yuleyule Yasunao Aoki aliyeshika usukani tangu sehemu ya 45 ya mfululizo wa kwanza, na alionyesha kwa miaka kwamba kazi anaijua. Alinyimwa muda.

Sasa njoo sehemu ya 2 ya huo msimu wa mwisho, kifo cha Kagura. Hapa ndipo siwezi kusamehe.

Kagura tunaye tangu karibu sehemu ya 40 ya mfululizo wa kwanza. Ametokana na mwili wa Naraku, moyo wake umeshikwa mkononi na Naraku, na kila siku ya maisha yake anatafuta upenyo wa kuwa huru kama upepo anaouamuru. Zaidi ya sehemu 120 tunamwona anajaribu, anakamatwa, anajaribu tena. Anamwendea Sesshomaru, shetani kamili na kaka wa Inuyasha kwa baba, kumwomba amuue Naraku, anakataliwa. Anamsaidia Kohaku kutoroka akijua gharama yake. Halafu Naraku anamrudishia moyo. Anausikia unadunda kifuani. Sekunde chache za furaha, kisha minyiri inamtoboa na sumu inamwagika ndani ya mwili.

Anaangukia kwenye bonde la maua. Sesshomaru anafika. Mkono wake unakwenda kwenye Tenseiga, upanga unaofufua kwa kuwakata wajumbe wa ahera wanaokuja kuchukua roho, na hapo anajua hauna la kufanya, kwa sababu sumu imeshaumaliza mwili wenyewe. Kagura anatabasamu, anayeyuka na kuwa upepo, manyoya yanapanda juu. Inuyasha anauliza kama aliteseka, na kaka yake anamjibu kwamba alikuwa anatabasamu.

Kwenye manga tukio hili liko juzuu ya 38, na limepewa kurasa tupu zenye maua na upepo tu, bila neno. Jicho linatulia. Kwenye anime limebanwa ndani ya sehemu ambayo tayari ina msururu wa mambo mengine: Hakudoshi, kiumbe mwingine wa Naraku, ndiyo kwanza ameshakufa, shetani mpya Moryomaru anajengwa, Kohaku anakimbia. Mtu aliyeanza na msimu wa mwisho hana hata nafasi ya kumjua Kagura ni nani kabla hajazikwa. Na aliyemfuata tangu mfululizo wa kwanza anapewa dakika chache, kisha sehemu ya 3 inaanza na Totosai mhunzi ameshafika kuufua upya upanga.

Angalia uharibifu ulipo. Tenseiga ndiyo inayomwita Totosai, kwa sababu kwa mara ya kwanza Sesshomaru amesikia uchungu na hasira kwa ajili ya mtu mwingine. Uchungu huo ndio unaoubadilisha upanga wa kuokoa ukawa upanga wa kufungua njia ya ahera, Meido Zangetsuha. Kila kitu cha Sesshomaru hadi mwisho kinategemea dakika zile za maua. Ukizikimbiza, badiliko lake lote linaonekana limeshuka toka mbinguni.

Na kwa wale mnaosikiliza sauti za Kiingereza ni balaa juu ya balaa. Kati ya msimu wa kwanza na wa mwisho walibadilisha waigizaji wa sauti: Kagome alikuwa Moneca Stori akawa Kira Tozer, Sesshomaru alikuwa David Kaye akawa Michael Daingerfield. Simkosoi Daingerfield, anajitahidi. Lakini fikiria, tukio ambalo Sesshomaru anafungua moyo kwa mara ya kwanza ndilo tukio unalomsikia kwa sauti ya mgeni ambaye sikio halijamzoea. Sikiliza Kijapani. Ken Narita ni yuleyule mwanzo hadi mwisho, na kinachomfanya awe bora pale ni kwamba hapandishi sauti hata kidogo.

Jambo la pili lililoliwa na haraka ni kisima. Watu wakiitaja Inuyasha wanataja mapanga, lakini uzuri wake mkubwa ni jinsi ilivyoshughulikia safari ya wakati. Kagome Higurashi anatimiza miaka 15, shetani wa tandu anamvuta ndani ya kisima kikavu cha hekalu la kwao Tokyo, na anatokea karibu miaka 500 nyuma, zama za vita. Baada ya hapo kanuni ni chache na hazivunjwi. Kisima hakichagui tarehe: siku ikipita huku, imepita na kule. Wanaoweza kuvuka ni Kagome na Inuyasha peke yao. Hakuna kurudi nyuma kusahihisha jambo. Ukichelewa vitani, umekosa mtihani.

Kwa kanuni hizo tu Takahashi anajenga maisha mawili yanayogombania muda wa msichana mmoja. Babu anabuni maradhi mapya kila mara ili kuwadanganya walimu. Kagome anarudi na mkoba mkubwa umejaa dawa, vitabu vya hesabu na tambi za kuchemsha kwa maji moto, ambazo Inuyasha anazipenda kupita kiasi. Mti mtakatifu ambao Inuyasha alichomewa mshale na Kikyo, kuhani wa kike aliyempenda, na kulala miaka 50 umesimama katika zama zote mbili, na ni kwenye mti huo, sehemu ya 47 na 48, ndipo Kagome anapoamua kurudi baada ya kumwona Inuyasha na Kikyo. Sehemu ya 48 ni somo tosha kwa yeyote anayetaka kuandika hadithi ya wakati. Hakuna upanga hata mmoja unaohitajika.

Msimu wa mwisho upande wa nyumbani unakondeshwa. Mama, mdogo wake Kagome aitwaye Sota, babu, wale marafiki watatu wa shule, wote wanapita kama abiria wa kituo ambacho basi halisimami. Kisha mwisho unakutaka ulie kisima kinapofungwa kwa miaka mitatu. Nililia, ndiyo, lakini kwa akiba iliyowekwa na zile 167.

Hapa nikiri jambo linalopunguza makali ya hukumu yangu. Ugomvi wa mapanga mawili umepona, na umepona vizuri sana. Kumbe Tenseiga ilikuwa imekatwa kutoka Tessaiga, upanga wa Inuyasha, na baba yao, na mbinu aliyohangaika nayo Sesshomaru ilikusudiwa tangu mwanzo impitie yeye na kuishia kwa mdogo wake. Nilitegemea haraka iue na hilo. Haikuua. Pale Sesshomaru anapoiachia, halafu baadaye mkono wake wa kushoto, uliokatwa na Tessaiga ndani ya kaburi la baba yao mwanzoni kabisa, unaota upya ukiwa umeshika Bakusaiga, upanga wake mwenyewe usiotoka kwa baba, nilisimamisha picha. Sehemu ya 9 nayo, Sesshomaru akiwa ahera na Rin, msichana mdogo anayefuatana naye, mikononi, akiambiwa kuwa Tenseiga humfufua mtu mara moja tu, ni bora kuliko karibu chochote kilichomo kwenye zile 167. Na kifo cha Kikyo sehemu ya 8 kimepewa hewa ya kutosha. Kwa hiyo muda walikuwa nao wakitaka! Hilo linanirudisha kwa Kagura na hasira inaanza upya.

Kwa anayeanza leo: angalia 167 zote kwa Kijapani zenye maandishi ya chini. Picha ni ya mraba, ya enzi zake, usiivute ijaze kioo, nyuso zinapanuka. Kisa cha Wafu Saba, mamluki waliofufuliwa, kinaanza karibu sehemu ya 102 na hakina hata sehemu ya kuruka. Baada ya kisa hicho kuishia Mlima Hakurei, sehemu za kujazia zinakuwa nyingi, visa vya shetani mmoja wa kijiji ambavyo haviko kwenye manga. Ukichoka ruka, ila usiruke 147 na 148, zinazosimulia Kikyo na Inuyasha kabla ya mshale. Filamu nne za 2001 hadi 2004 ziko nje ya manga, hazihitajiki. Ukitaka moja chukua ya tatu, kwa ajili ya baba yao. Ule muendelezo wa 2020 kuhusu mabinti wa Sesshomaru na Inuyasha uache hadi umalize kila kitu, na hata hapo sikulazimishi.

Ukifika 167, fungua manga juzuu ya 36 usome hadi 56, ndipo uje kwenye msimu wa mwisho. Nilikuwa nimepanga kusema uuache kabisa. Siwezi. Muziki wa Kaoru Wada uko pale, zumari na ngoma zilezile, na sauti zile za Kijapani zimerudi baada ya miaka mitano kana kwamba hazikuondoka. Uangalie. Ila ile sehemu ya 2, ukishaiona, rudi usome kurasa za juzuu ya 38 polepole, kwa sababu pale ndipo Kagura alipoagwa kwa heshima yake.