Duka la kamba hapa Arusha: mzigo mzuri, ila hilo la "homoni" waache kutudanganya

Jina la duka silitaji nisije nikamharibia mtu biashara, ila nimeshanunua hapo mara nne na mzigo wao sina shida nao. Kamba wakubwa, hawanuki, vichwa vimeshika vizuri (kamba aliyekaa sana kichwa kinalegea halafu kinakuwa cheusi), na hawakupimii barafu. Kwa vitu vinavyopanda basi kwenye deli mpaka huku mlimani nilitegemea vibaya zaidi aisee.

Shida ni mdomo wa yule chalii anayepima. Jumamosi nimemkuta mama mmoja mbele yangu, kaona kamba mgongoni wana mstari mnene wa kijani akauliza kaka hii ni nini, jamaa bila hata kufikiria, "Mama huo uchafu, hawa wanapigwa homoni ndo maana wanakuwa hivyo, wewe toa tu." Mama wa watu karudisha kilo nzima kaondoka zake. Yaani kajifukuzia mteja mwenyewe.

Sasa mimi kabla sijaolewa huku nilifanya kazi kwenye kituo cha kutotolesha kamba pwani, na zamu yangu ya usiku ilikuwa hiyohiyo, kuwamulika kamba majike kwa tochi tuone ule mstari. Sio uchafu, ni ovari, inaanzia kichwani inashuka mgongoni, na mayai yakikomaa inatanuka huku na huku kwenye pingili ya kwanza kama kishada, hapo tunajua usiku huu anataga. Uchafu ni utumbo, ule uzi mwembamba mweusi, vinakaa pamoja ndo maana watu wanachanganya.

Na hiyo homoni anayoisema ni kinyume kabisa. Kamba ana homoni yake mwenyewe ya kuzuia mayai yasikue, inatoka kwenye tezi ndogo iliyo ndani ya kikonyo cha jicho. Baharini wakati ukifika breki hiyo inalegea yenyewe, lakini ukimfungia kwenye tangi jike anagoma, anakula vizuri tu na ovari imelala. Kwahiyo kituoni hawaongezi homoni, wanapunguza: kikonyo kimoja kinaminywa kwa koleo la moto au kinafungwa uzi mpaka kikatike, kimoja tu, jicho la pili linabaki. Mara ya kwanza nilishindwa kuangalia, nikajifanya naenda kucheki pampu. Siku chache baadaye mayai yanaanza kujaa kiini na ule mstari unatokea, mmoja anaachia mayai laki kadhaa kwa usiku mmoja. Wala sio mambo ya jana, Mfaransa Panouse aliliona hilo kwa kamba wa kwao mwaka 1943.

Tatizo ni kwamba kikonyo hichohicho kina homoni nyingine inayochelewesha kujivua gamba, ukikitoa na gamba nalo linawahi, na jike akijivua zile mbegu za dume alizokuwa amezihifadhi zinaondoka na gamba. Hapo mnaanza upya, na bosi ananuna wiki nzima.

Halafu hao wa kukatwa jicho ni wazazi wa mbegu, hawauzwi kwa kilo. Wewe unakula aliyevuliwa baharini au mtoto wao aliyekuzwa bwawani, na wa bwawani wengi wanavunwa kabla hata hawajafika umri wa mayai. Kwahiyo ukiona kijani mnene vile uwezekano mkubwa huyo katoka baharini na hakuna mtu aliyemgusa jicho!

Kilo aliyorudisha yule mama niliichukua mimi, nikapunguziwa elfu tatu. Nimefika nyumbani nimetoa utumbo, ovari nimeacha, nikakaanga na kitunguu swaumu nikamalizia ndimu, ile kijani ikageuka rangi ya chungwa na watoto wakagombania.

Mengineyo, lipa namba yao inasumbua na risiti mpaka uombe mara mbili.

Nyota 3. Ya nne nimeikata kwa ajili ya yule kijana, akiacha habari za homoni nitairudisha. Mzigo unaingia Ijumaa asubuhi, wahini, ikifika Jumapili wanabaki wale wadogowadogo.