Gereji ya vespa Michenzani: mbio za magari, kahawa na kesi ya Massa kwa shilingi 2,000

Kwa wanaouliza ni wapi mjini Unguja mtu anaweza kukaa kwa heshima akaangalia Formula 1 mwanzo hadi mwisho, bila ya chaneli kubadilishwa katikati kwa sababu ya mpira wa Uingereza, jawabu langu ni gereji ya vespa iliyo nyuma ya majumba ya Michenzani, kwenye uchochoro wenye muuza urojo. Haina bango. Siku za kazi ni gereji ya kawaida. Jumapili ya mbio vespa zinasukumwa nje, sakafu inamwagiwa maji na kusuguliwa, mikeka inatandikwa mbele, viti vya plastiki vinapangwa nyuma. Kiingilio shilingi 2,000 na kikombe cha kwanza cha kahawa kimo humo humo. Kashata unanunua mwenyewe, na urojo unaruhusiwa kuingia nao maadam bakuli unalirudisha.

Mimi ni mwanamke, karani katika ofisi ya wakili, na mbio za magari nimezipenda tangu nasoma skuli. Nalitaja hilo kwa sababu yako mabanda ya TV ambayo mwanamke akiingia watu wote wanageuka kumtazama yeye. Hapa sivyo. Mke wa fundi anakaa pale pale kwenye birika, safu ya viti vya ukutani imewekwa kwa ajili yetu, na kijana akitoa neno chafu anaonyeshwa mlango na pesa yake hairudi. Nimekuja na mama yangu mdogo, ambaye hajui hata timu moja, na akakaa mpaka mwisho.

TV ni kubwa, picha safi, mvua ikiwa kubwa inakwamakwama. Hayo nitayarudia. Nililolikusudia hasa ni namna watu wanavyobishana pale ndani, maana sijaona pengine.

Fundi, ambaye sote tunamwita Ami, hakubali mtu aseme “kaonewa” au “kastahili” halafu akae kitako. Lazima uonyeshe. Ukishindwa kuonyesha kwa maneno, anakupa spea ya vespa uonyeshe kwa mkono. Mbio za Singapore za Oktoba 2025 ndizo zilizonifunulia jambo hili. Kule zinaanza saa mbili usiku, kwetu saa tisa alasiri, kwa hiyo adhana inaingia mbio zikiwa bado mbichi. Ami anazima sauti, wanaume wanavuka kwenda msikitini, magari yanaendelea kuzunguka chini ya mataa bila sauti, na sisi tuliobaki tunawahadithia wakirudi nani kampita nani. Katika kurudi, mzee mmoja akauliza kabla hata hajakaa: “Hizi si ndizo mbio walizomwibia yule Mbrazili?”

Basi ikaanza.

Mbio anazozisema ni za tarehe 28 Septemba 2008, hapo hapo Singapore, Formula 1 ya kwanza kukimbizwa usiku. Felipe Massa wa Ferrari, ndiye huyo Mbrazili, alianza wa kwanza na alikuwa anaongoza. Fernando Alonso wa Renault alianza wa 15, akaingia kujaza mafuta mapema mno, mzunguko wa 12. Punde tu mwenzake wa timu, Nelson Piquet mdogo, akaugonga ukuta kwenye kona ya 17, mahali ambapo hapakuwa na winchi ya kulitoa gari haraka. Likatoka gari la usalama, lile linalotangulia mbele magari yote yaende polepole. Kanuni ya mwaka ule ilisema gari la usalama likitoka, njia ya kuwaendea mafundi inafungwa mpaka magari yote yajipange nyuma yake. Aliyekwisha kujaza mafuta kanusurika. Ambao hawajajaza wakangoja, kisha wakaingia kwa mkupuo. Alonso akashinda.

Kijana mmoja, shabiki wa Lewis Hamilton wa kufa na kupona, akasema ajali ni ajali, nani awezaye kuingia moyoni mwa dereva? Ami akainuka, akatoa kwenye sanduku usukani wa vespa, mkono wa mafuta na kebo yake ikining'inia, akampa.

“Shika. Uko kwenye kona, nyuma kunateleza. Mkono wako unafanya nini?”

Kijana akaurudisha mkono. Akapewa wa pili, akaurudisha. Nikapewa mimi. Chuma kilikuwa cha moto na kina grisi, na naapa mkono wangu ulirudi nyuma kabla sijafikiri. Ami akasema: “Basi rekodi za kompyuta ya gari la Piquet zilionyesha mguu wake haukurudi. Tairi za nyuma zinazunguka bure, yeye anazidi kukanyaga.” Hiyo ndiyo rekodi waliyoitumia wachunguzi wa FIA, chombo kinachosimamia mbio za magari duniani, mwaka 2009, pamoja na maelezo ya Piquet mwenyewe, aliyesema kwamba aliagizwa kugonga na Flavio Briatore, mkuu wa timu, na Pat Symonds, mkuu wa uhandisi, wakati mkataba wake haujulikani kama utaongezwa. Nimepiga chapa viapo vingi ofisini, na sijapata kuona ushahidi unaelezwa kwa watu wazima na watoto kwa pamoja wakaufahamu ndani ya dakika mbili.

Lakini yule kijana hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Akasema: sawa, Piquet kagonga kwa makusudi. Mpira wa mafuta wa Massa je?

Hilo ndilo swali lenyewe, na nilifurahi limetoka kwake. Massa alipoingia kujaza mafuta pamoja na wenziwe, Ferrari walikuwa wanatumia taa kumruhusu dereva aondoke, badala ya mtu mwenye kibao. Taa ikawaka kijani mpira ungali kwenye tangi. Massa akaondoka nao unaburura, akasimama mwisho wa njia, mafundi wakamkimbilia kuuchomoa, na adhabu juu. Alimaliza wa 13, bila pointi hata moja. Hamilton akawa wa tatu, pointi sita. Mwisho wa msimu Hamilton 98, Massa 97, na ubingwa ukaenda kwa Hamilton. Namba hizo mbili Ami ameziandika kwa chaki kwenye ubao wake wa bei, chini ya plagi na kebo za klachi.

“Mpira haukutiwa na Renault,” kijana akasema. “Ni uzembe wa Ferrari.”

“Na nani aliyewapeleka wote mle ndani kwa pupa, mwanangu?” Ami akamuuliza. “Kama hapana ajali, kuna haraka ile?”

“Ferrari ndio waliowasha taa, Ami.”

“Wamewasha wao. Nakubali. Lakini nijibu la kwanza.”

Hawakumalizana, na mimi sidhani kama wanasheria wa London, kwenye kesi aliyoifungua Massa, watamalizana kwa wepesi zaidi. Kuonyesha kwamba dhuluma imetendeka ni kazi moja. Kuonyesha kwamba hasara yako imetokana na dhuluma ile, si na mkono wa mtu wako mwenyewe, ni kazi nyingine, na hapo ndipo madai mengi yanapofia.

Mzee wa msikitini akaleta jengine: kwamba mahkama ya Ufaransa ilikwisha kumsafisha Briatore. Hapa niliomba ruhusa nikasema, maana hii naisikia sana na inaniuma. Tarehe 21 Septemba 2009 baraza la FIA lilimfungia Briatore bila kikomo na Symonds miaka mitano. Renault wakapewa adhabu ya kuondoshwa mashindanoni lakini ikaahirishwa kwa miaka miwili. Januari 2010 mahkama ya Paris ikazitengua adhabu za wale wawili, ikaamuru Briatore alipwe euro 15,000 na Symonds 5,000. Briatore alikuwa ameomba milioni moja. Mahkama haikusema hawakutenda. Iliangalia utaratibu: rais wa FIA, Max Mosley, mtu aliyekuwa na ugomvi unaojulikana na Briatore, alikuwa na mkono katika mashtaka na katika hukumu, na FIA haikuwa na uwezo wa kuwaadhibu kwa namna ile watu wasiokuwa na leseni yake. Aprili mwaka ule wakapatana, wale wawili wakakubali kukaa nje ya Formula 1 mpaka mwisho wa 2012. Leo Briatore amerudi, tangu 2024 yuko Alpine, ambayo ni timu ile ile ya Renault kwa jina jipya. Piquet na baba yake nao waliishitaki Renault London kwa kuwachafulia jina, na Desemba 2010 Renault wakaomba radhi na kulipa.

Ami alisikiliza yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama FIA wangefuata utaratibu adhabu ingesimama. Nikamwambia naamini ingesimama. Ndiyo maana natetea utaratibu hata kwa mtu nisiyempenda: ukiurukia kwa hasira, unampa mkosaji mlango wa kutokea.

Sasa Massa. Watu wanasema amekaa miaka 15 ndipo akakumbuka. Si haki kusema hivyo. Julai 2009, siku chache kabla Piquet hajatia saini maelezo yake, Massa alipigwa kichwani na springi iliyochomoka kwenye gari la Rubens Barrichello huko Hungary, akawa anapigania uhai. Na kanuni inayojulikana ilikuwa kwamba baada ya sherehe ya kukabidhi tuzo mwisho wa mwaka, matokeo hayaguswi. Kilichobadilisha mambo ni mahojiano ya 2023 ya Bernie Ecclestone, aliyekuwa mkuu wa biashara ya Formula 1, alipoeleza kwamba yeye na Mosley walikuwa na habari za kutosha ndani ya 2008 yenyewe, wakati matokeo bado yanagusika, wakaamua kuulinda mchezo na fedheha. Machi 2024 Massa akafungua kesi London dhidi ya Ecclestone, FIA na kampuni inayoendesha Formula 1, akidai pauni milioni 64.

Novemba 2025 Jaji Robert Jay akatoa uamuzi wa awali. Alilitupa ombi la mahkama kutamka kwamba Massa ndiye aliyestahili ubingwa, akayaacha madai ya njama yaendelee kusikilizwa. Nilichapa muhtasari nikampelekea Ami siku ya kazi. Aliusoma kando ya injini iliyofunguliwa, akaenda kwenye ubao, na kwa kitambaa chake cha oili akafuta neno “ubingwa” alilokuwa ameliandika chini ya zile namba. “Fedha” akaliacha.

Na mimi naliona hivyo hivyo. Hamilton hakumdhulumu mtu, kombe lake alilitafuta mpaka kona za mwisho za mbio za mwisho wa msimu, kule Interlagos, Brazil, na sitaki kuona jina lake linafutwa. Ila nataka waliokuwa wakubwa waulizwe wakiwa wamesimama mbele ya jaji: mlijua lini, na kwa nini mlinyamaza? Charlie Whiting, aliyekuwa mkurugenzi wa mbio, alifariki 2019. Mosley alifariki 2021. Ecclestone ni wa kuzaliwa 1930. Kila mwaka unaopita shahidi mmoja anapungua, na ninayeshinda na majalada naujua uchungu wa kesi iliyokufa pamoja na mashahidi wake.

Nirudi kwenye gereji, maana pana ya kurekebisha. Joto ni kali. Paa la bati, pangaboi moja, na hilo limeelekezwa kwenye mikeka, sisi wa ukutani tunajipepea kwa magazeti. Umeme ukikatika jenereta linachelewa kuwashwa, na likishawaka moshi unaingia ndani. Kwa mtu mwenye pumu sipapendekezi. Choo ni kimoja, kiko uani, kisafi. Watoto wanaingia bure lakini hawana pa kukaa, wanaishia mapajani. Kahawa ni nzuri sana, chungu kama inavyotakiwa, ila ikisha haipikwi tena. Mbio zinazoangukia usiku wa manane hafungui, kwa sababu ya majirani, na nadhani anafanya vyema.

Kwa mbio za alasiri fika saa nane na nusu, baada ya hapo unakaa kizingitini. Chukua chenji, maana noti ya elfu kumi inakuwa taabu. Kama una hoja juu ya kesi ya Massa njoo nayo, lakini njoo na tarehe, kwani utaulizwa.

Na Ami, najua mwanao atakusomea haya: pangaboi la pili, na TV ipandishwe shubiri moja. Kutoka viti vya nyuma kona zote za kushoto tunazikosa.