Kozi ya wanawake wa hadithi: nimelipa, nimesoma, nimezimiwa maiki

Nitawapa haki yao kwanza, maana nikishalianza lile lililonichoma sitakuwa na maneno mazuri tena. Sheikh anajua kusomesha. Ukimtajia mpokezi wa hadithi atakuambia alisoma kwa nani na nani walisoma kwake, bila kufungua kitabu, tena kwa Kiswahili cha watu wanaokaa barazani. Jina la chuo naliacha kwa makusudi. Wao ni watu wa hapa Mombasa na mimi ni mtu wa hapa, na tutaendelea kukutana arusini na mazikoni. Ada, siku za darsa, namna ya kujiunga, yote yamo kwenye tangazo lao. Darsa ni baada ya Isha, kwa simu au kompyuta, na mada ni wanawake waliopokea na kusomesha hadithi, yaani habari za maneno na matendo ya Mtume (s.a.w.).

Usiku wa Amra bint Abdulrahman ulinikosesha usingizi kwa furaha. Kabla ya hapo Amra kwangu lilikuwa jina linalopita mbio kwenye isnadi, ule mnyororo wa wapokezi, "kutoka kwa Amra, kutoka kwa Aisha," basi. Kumbe huyu mama wa Madina alilelewa mikononi mwa Bi Aisha, na khalifa Umar bin Abdulaziz alipochelea elimu isipotee kwa kufa wenyewe, akamwandikia Abu Bakr bin Hazm, hakimu wa Madina, aandike hadithi za Mtume (s.a.w.), na katika barua ile akamtaja Amra kwa jina. Imam al-Zuhri naye, bahari ya watu wa zama zake, alipoonekana ana uchu wa elimu alielekezwa aende kwake. Akaenda. Aliporudi akasema amemkuta ni bahari isiyokauka.

Ila kilichonimaliza ni kisa kilichomo katika Muwatta, kitabu cha Imam Malik. Huyo huyo Abu Bakr bin Hazm alimkamata Mnabati mmoja aliyeiba pete za chuma, akamfunga ili amkate mkono. Amra akapata habari. Hakungoja aitwe. Alimtuma mtumishi wake kwa hakimu, naye amekaa na watu wamemzunguka, amwambie: mama yako mdogo Amra akwambia, ewe mwana wa dada yangu, umemshika Mnabati kwa kitu kidogo namna hii wataka kumkata mkono? Hakimu akasema ndiyo. Mtumishi akasema: basi Amra akwambia, hakuna kukata ila katika robo ya dinari na kwenda juu. Yule mtu akaachiliwa. Mkono wa binadamu umesalimika kwa hadithi aliyoichukua mwanamke kutoka kwa mwanamke, na hakimu hakumwuliza mtumishi, "Huyo Amra ananiingiliaje kazi yangu?" Mama yangu alikuwa akikuna nazi pembeni anasikiliza, akaacha kukuna, akasema, "Hapo ndipo panapoitwa mama mdogo."

Kwa usiku ule peke yake ningewapa nyota zote. Kwa wiki nzima nilikuwa balozi wao, namtumia kiungo kila niliyekuwa na namba yake.

Darsa ya Karima al-Marwaziyya nayo ilikuwa tamu. Alitoka Marw akakaa Makka, akawa mmoja wa wanaotegemewa katika Sahihi ya Bukhari, kile kitabu mashuhuri cha hadithi. Al-Khatib al-Baghdadi, bingwa wa Baghdad, aliimaliza Sahihi kwake kwa siku tano. Mwanafunzi mwingine anasimulia kwamba Karima alimtolea nakala yake, naye akakaa mkabala naye akanukuu karatasi saba na kuzisoma. Alipotaka kwenda kulinganisha peke yake, Karima akamwambia: La, mpaka ulinganishe pamoja nami. Akalinganisha naye. Shikeni hilo neno "pamoja nami", kwa sababu ndilo litakalonitoa povu mbele huko.

Sasa usiku wenyewe.

Ilikuwa darsa ya Fatima bint Qays, Sahaba aliyetalikiwa talaka tatu, akasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakumpa haki ya matumizi wala ya makazi katika eda. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, hakulipokea. Alisema hatutaacha Kitabu cha Mola wetu kwa kauli ya mwanamke ambaye hatujui amehifadhi au amesahau. Sheikh alikuwa ndiyo kwanza analifungua jambo hili pale mtandao ulipomtupa nje. Hutokea, hilo siwalaumu. Palepale kijana mmoja akadakia kwa sauti: je, hii si dalili kwamba mapokezi ya wanawake yana tahadhari yake? Na ustadh msimamizi, ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga mlango, akaamua kujibu badala ya Sheikh. "Swali zuri sana, barakallahu fik. Ndivyo, wanachuoni wamekuwa na tahadhari."

Wamekuwa na tahadhari! Kozi nzima tumelipia kusikia kinyume chake.

Nikanyanyua kile kimkono cha kwenye skrini. Akaniruhusu. Nikasema, "Assalamu alaykum, nina nyongeza ndogo, kuhusu kisa cha Abu Musa..." Kimya. Nilidhani ni simu yangu. Nikatazama, maiki imezimwa, na chini yake ujumbe: "Ukhti, akina dada waandike maswali yao kwa msimamizi, yatasomwa inshallah." Darsa zote za nyuma tulikuwa tukiuliza kwa sauti, wake kwa waume. Sheria ilizaliwa pale pale, nikiwa katikati ya sentensi.

Nikaandika. Vidole vinatetemeka lakini nikaandika, kwa adabu, na salamu juu. Halikusomwa. Waliofunguliwa maiki baada yangu ni ndugu mmoja aliyetaka kujua kama darsa itatumwa kwa PDF, na mwingine aliyeuliza swali lile lile la PDF.

Nilichotaka kusema ni hiki, na kwa kuwa hapa hakuna wa kunizima, nakisema. Abu Musa al-Ashari alibisha hodi kwa Umar mara tatu, asipoitikiwa akarudi zake. Alipoulizwa mbona umeondoka, akasema Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuomba ruhusa mara tatu. Umar akamwambia alete shahidi, ama atakiona. Abu Musa akaenda kwa Maansari, nao wakamtoa Abu Said al-Khudri, mdogo wao kiumri, akashuhudie. Abu Musa alikuwa mwanamume, tena Sahaba mkubwa. Kwa hiyo Umar alikuwa mkali kwa kila mtu. Tena Bi Aisha mwenyewe hakukubaliana na Fatima juu ya jambo hili; naye alimpinga kwa kuwa ni mwanamke? Kisha tuangalie kilichofuata: Imam Ahmad ameishika hadithi hiyo hiyo ya Fatima. Na Imam Muslim amepokea kwa Fatima huyo huyo hadithi ndefu ya Jassasa, yule mnyama mpelelezi, na Dajali, inayosomwa mimbarini mpaka leo, na hao hao wenye tahadhari wanaipenda kuliko wote. Na al-Dhahabi, aliyewachambua wapokezi dhaifu mmoja mmoja katika kitabu chake Mizan, alipofika kwa wanawake akasema hamjui katika wao aliyetuhumiwa uongo wala aliyeachwa hadithi zake. Ni dakika mbili tu za kuongea. Ndugu wa PDF walipata zaidi.

Kabla hamjanirukia: sibishani hapa juu ya sauti ya mwanamke. Masheikh wana kauli zao na kila mtu na anayemfuata. Lakini kama huo ndio msimamo wa chuo, uandikwe kwenye tangazo, juu, mahali pale pale palipoandikwa "maswali na majibu moja kwa moja kwa wote". Mniambie kabla ya M-Pesa, si baada yake. Na baada ya hapo mnisomeshee Umm al-Darda wa Dimashk, ambaye khalifa Abdulmalik bin Marwan alikuwa akikaa kwenye vikao vyake, kwa uso gani?

Nililipeleka kwenye grupu, kwa upole. Likafutwa na admini. Akina dada wakaanza kuniandikia faragha: "wallahi hata mimi," "nilidhani ni mimi peke yangu," na mmoja akanikumbusha adabu za mtafuta elimu, kwa aya na emoji ya maua. Sheikh hakusema kitu. Nataka kuamini hakuiona. Darsa iliyofuata alikuja na Zaynab bint al-Kamal kama kawaida yake, akatusimulia bibi huyu wa Dimashk aliyefariki mwaka 740 Hijria, ijaza zake, yaani idhini za kupokeza vitabu na hadithi, zikifika mzigo wa ngamia, wanafunzi wakikaa naye sehemu kubwa ya mchana, na Ibn Battuta alivyopita pale mwaka 1326 Miladia akapata ijaza kwake. Akaeleza pia kwa nini akina mama hawa walikimbiliwa. Mtoto akipelekwa mdogo kwa mwalimu mkongwe, kisha naye akajaaliwa umri mrefu, isnadi inakuwa fupi, watu wachache kati yako na Mtume (s.a.w.). Aisha bint Abdulhadi alipelekwa kwa al-Hajjar kusikia Bukhari akiwa na miaka minne hivi. Akaishi mpaka 816 Hijria, na aliyekuja kukaa mbele yake ni Ibn Hajar al-Asqalani, ndiye yule wa Fat-hul-Bari, sherehe ya Bukhari. Nilisikiliza nimenuna, na bado nikaandika kila neno. Ndiyo shida ya kozi hii. Huwezi hata kuichukia vizuri.

Basi ningenyamaza hapo, nikawapa nyota tatu na kusema wana upungufu wa uongozi. Lakini kuna cheti.

Mwishoni waliahidi kila mwanafunzi atasoma hadithi kadhaa mbele ya Sheikh, asahihishwe, apewe ijaza. Wanaume walisoma moja kwa moja, tunawasikia, Sheikh anawarudisha kwenye irabu moja moja. Sisi tukaambiwa turekodi, tutume kwa WhatsApp, kuna ukhti atasikiliza. Nilirekodi usiku, watoto wamelala, mlango nimeufunga, nikarudia kila nilipokosea. Nikatuma. Tiki mbili za kijivu. Zikakaa kijivu. Sijui ukhti ni nani, na mpaka leo sina hakika kama yupo.

Halafu kikaja cheti, kizuri, mapambo ya dhahabu, kimeandikwa kwamba mimi, jina langu kamili, "amesoma mbele ya Sheikh na akasikilizwa".

Sikusoma mbele ya mtu! Hakuna aliyenisikiliza! Na hawa ndio watu waliotufundisha kwamba kule Dimashk kwenye kila kikao cha kusoma kitabu kulikuwa na mwandishi anayeorodhesha waliohudhuria, na akiondoka mtu katikati anaandika amekosa kutoka wapi hadi wapi, na mwingine anaandikwa alikuwa akisinzia. Kusinzia tu. Maana ukisema umesikia kwa mtu usichokisikia, umeuharibu mlango wote wa elimu hii. Karima alikataa karatasi saba zilinganishwe bila yeye, na mimi napewa ijaza ya sauti ambayo haijafunguliwa hata kuchezwa.

Nimewaandikia, si kudai pesa. Nimewaomba waifute hiyo "akasikilizwa", waandike "alituma rekodi", kwisha maneno. Wamejibu haraka safari hii. Wamesema hicho ni kiolezo, ni kimoja kwa wanafunzi wote, hakibadiliki, na kwamba akina dada wamepunguziwa ada ya muhula ujao.

Mnaoniuliza kwa simu kama mjiunge: kama mnataka kusikiliza tu, jiungeni, Wallahi mtafaidika, sidhani kama mtapata kwa Kiswahili mwingine wa kuwaeleza kwamba al-Sakhawi alitenga juzuu ya mwisho ya kamusi yake kwa wanawake zaidi ya elfu moja, kisha akawatajia mmoja mmoja mpaka muwaone. Nyota nne. Kama mna swali, mbili. Cheti nimekirudisha kwa barua pepe ile ile waliyokitumia, na punguzo lao sijalijibu. Nasikia muhula ujao ni juu ya fatwa za Bi Aisha na yale aliyowasahihisha Masahaba. Wakinihakikishia kwa maandishi kwamba maiki itakuwa wazi nitalipa ada kamili, bila punguzo. Wasiponihakikishia... nitalipa pia, mimi najijua, lakini nyota itakuwa moja na haya nitayabandika tena.