Unga wa viazi lishe: utamu upo, rangi imekwenda wapi?

Nilinunua mfuko wa kilo moja wa unga wa viazi lishe, vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa ajili ya binti yangu wa mwaka mmoja na miezi miwili. Maini hayataki na yai hulitema, kwa hiyo ukiacha maziwa yangu, vitamini A yake lazima itoke kwenye mimea. Juu ya mfuko pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba unga una vitamini A kwa wingi.

Umesagwa laini, haufanyi madonge, na uji wake hauhitaji sukari. Mtoto alimaliza kikombe akanyoosha mkono kutaka zaidi. Ningekuwa natafuta uji mtamu tu, ningeusifu bila kusita.

Kilichonisumbua ni rangi. Nilitarajia chungwa iliyokolea, nikakuta unga uliofifia, karibu na rangi ya ngano. Mfuko ni wa plastiki inayoonyesha ndani, na unga uliogusana na plastiki ulipauka kuliko ule wa katikati. Kwa chakula hiki rangi si urembo. Ule uchungwa ndio beta-karotini yenyewe, na mwili wa mtoto huigeuza kuwa vitamini A, maana mimea haina vitamini A iliyo tayari. Mwanga, hewa na joto huiharibu. Viazi vikianikwa kwenye jua kali, kisha unga ukakaa miezi kadhaa ndani ya mfuko unaopitisha mwanga, sehemu kubwa hupotea na utamu ukabaki. Tarehe ya mwisho wa matumizi ipo, lakini ya kusagwa haipo, wala hawasemi kuna mikrogramu ngapi kwa kila gramu 100. Mzazi ananunua kwa kukisia, na hilo limeniuma, kwa sababu anayelishwa ni mtoto.

Nimerudi kwenye kiazi chenyewe. Nakichemsha na ganda lake, sufuria imefunikwa, kisha namenya, naponda kwa uma na kutia kijiko cha chai cha mafuta au karanga zilizosagwa laini kabisa. Bila mafuta, beta-karotini nyingi hupita tu tumboni. Kiazi kilichokolea rangi, kikichemshwa, kinaweza kutoa vitamini A mikrogramu 700 na zaidi kwa gramu 100, na mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji 300 kwa siku. Yaani vijiko vitatu vinne vya kulia. Kiazi cheupe karibu hakina kitu, hata kiwe kitamu namna gani.

Mboga za majani nampa pia, ila beta-karotini yake imejifungia ndani ya jani, hivyo nazikatakata sana na kuzipika hadi zilainike.

Mwezi wa pili wa kumlisha hivi, viganja vyake vilianza kuwa vya njano. Nilishtuka, nikampeleka kliniki. Muuguzi alimkagua macho, akakuta weupe wake ni safi, akanieleza kuwa ni karotini iliyojikusanya kwenye ngozi na haina madhara. Tukapunguza kidogo, ikaanza kuondoka.

Unga naupa nyota mbili kati ya tano. Nitaununua tena siku wakiutia kwenye mfuko usiopitisha mwanga na kuandika umesagwa lini. Uliobaki tunaumaliza sisi watu wazima.