Lenzi ya mkononi ya mara 10, nimeijaribu kwa uyoga unaotoa damu
Jamani hii lenzi ya kukunja mi nimeielewa, ndogo tu inaingia mfukoni. Kazi niliyoipa ni kutofautisha Mycena haematopus na Mycena sanguinolenta, vile viuyoga vya msituni ambavyo ukivunja shina vyote vinatoa maji mekundu kama damu, na app za simu hapo huwa zinabahatisha tu. Sasa cheki, geuza kofia uangalie ukingo wa vile vibamba vyembamba vya chini: sanguinolenta ukingo una mstari mwekundu wa kikahawia umechorwa safi kabisa, haematopus mara nyingi ukingo umepauka tu. Kwa macho matupu mstari wenyewe unakupita hivi hivi, maana kofia ya sanguinolenta kwa kawaida haifiki hata sm 2. Halafu haematopus anaota kwenye magogo yaliyooza, tena kwa vikundi, mwenzie yuko chini kwenye majani makavu mmoja mmoja, ila hilo halihitaji lenzi. Kinachokera ni haina taa, na chini ya miti ukiisogeza karibu kichwa chako chenyewe kinaziba mwanga. Spora, zile chembe ndogo sana za uzazi za uyoga, usiote kuziona, hizo ni za hadubini. Nyota 4.