Mbuzi wa 1968: nilivyoponea kuuziwa kwenye gunia

Wakuu, kwa wasiojua, gari ya Pontiac GTO Wamarekani wenyewe wanaiita Goat, yani Mbuzi, wamezichezea tu hizo herufi tatu. Sasa mke wangu kapiga simu kwao Morogoro anasema "huyu mwanaume kanunua mbuzi wa dola elfu 41" na mama mkwe akaamini kabisa nimeanza ufugaji, akauliza wa maziwa au wa nyama.

Mimi ni dreva wa lori, nipo Columbus, Ohio, na hii gari nimeiwaza miaka mingi. Kuna mzee mmoja yadi tunayopakia mizigo alikuwa anakuja nayo kila Ijumaa kiangazi, nikisikia tu eksozi yake nashuka kwenye lori. Ndo akanihadithia kwamba GM, kampuni mama ya Pontiac, walikuwa na sheria yao ya ndani, gari ya saizi ya kati isiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, halafu akina John DeLorean, mhandisi mkuu pale Pontiac, wakaizunguka, wakachukua gari yao ya saizi ya kati, LeMans ya 1964, wakaipachika injini ya 389 na kwenye makaratasi wakaiita "oda ya nyongeza", siyo gari mpya. Ujanja mtupu, kama Wabongo vile. Hapo ndo watu wengi wanasema biashara ya muscle car, yani gari ya kawaida yenye injini kubwa ya nguvu, ilipoanzia.

Basi nikaiona moja kwenye tangazo la showroom ya magari ya zamani huko Tennessee, siitaji jina maana sitafuti kesi. GTO ya 1968, nyekundu inang'aa mpaka unajiona meno, injini 400 (lita 6 na nusu hivi), gia otomatiki, zile taa za mbele zinazojificha. Bei dola 49,900. Maelezo yao: "injini ya kiwandani, namba zinaoana" (yani injini ni ile ile gari ilizaliwa nayo) na "bodi ilitolewa yote kwenye chasisi ikajengwa upya". Hizo sentensi mbili zishike, ndo zimebeba bei yote.

Kosa langu la kwanza nilimlipa mkaguzi dola 350 akaiangalie kwa niaba yangu. Akanitumia picha kama 80, nzuri kweli, za kufungia ndoa, ila zote kapigia kwa juu. Chini ya gari picha mbili, moja giza. Nikampigia mjomba wangu, yeye ni fundi bodi wa siku nyingi mtaa wa Gerezani, Dar, nikamrushia zile picha. Akaziangalia akaniandikia neno moja, "Nenda."

Nikaenda, masaa 6 mpaka Nashville kupitia Cincinnati na Louisville. Nimebeba sumaku ndogo ya friji nimeizungushia tishu isikwaruze rangi, tochi na ovaroli. Yule kijana wa mauzo alivyoniona natoa ovaroli kwenye begi uso ukambadilika kidogo, akaniletea kahawa, akaanza kunionesha rimu.

Niwaambie kitu kuhusu GTO ya 68 msije mkapanik, bampa ya mbele sumaku haikamati vizuri, ile ni mpira mgumu uliopakwa rangi ya bodi, ilitoka hivyo kiwandani. Mlango sumaku inashika, boneti inashika. Nikaenda nyuma ya tairi la nyuma kulia, pale chini bodi inapojikunja, nikaachia, tap, ikaanguka sakafuni. Nikaokota nikasogeza inchi tatu, ikaanguka tena. Hapo hamna bati, hapo ni fila tupu, lile dongo la kuzibia mashimo ya bodi, wamejazia wakapiga msasa wakapaka rangi ya maelfu ya dola juu yake.

Nikawaomba waipandishe kwenye lifti. Wakasema lifti ina kazi. Nikasema nitasubiri, nina kahawa. Baada ya saa moja hivi ikapatikana. Chini kote kumepigwa ile lami nyeusi ya kuzuia kutu, mbichi mbichi, inanukia bado. Nikampigia mjomba video kol.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Acha salamu, nioneshe sakafu ya buti kwa chini."

Nikabonyeza kwa kidole. Wakuu kidole kikazama kama kwenye ugali wa moto, lami ikabonyea na nyuma yake pakasikika chembe za kutu zinamwagika. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo imepakwa wanja hiyo. Sasa nioneshe zile raba zinazokaa kati ya bodi na chasisi." Nikamulika. Zimepasuka pasuka, ngumu kama sandali ya tairi, na zenyewe zimepigiwa lami juu. Akasema mtu gani anainua bodi nzima kwenye chasisi halafu anairudisha juu ya raba za miaka 50 wakati mpya zinauzwa? Haijawahi kuinuliwa. Basi ile sentensi ya pili ya tangazo ikafia pale pale, imeuawa na mzee aliyekaa kwenye ndoo Gerezani, na simu yenyewe ina ufa kwenye kioo.

Kuhusu injini, hii nilikuwa nimejiandaa. Kabla ya safari nilituma namba ya chasisi kwa PHS (Pontiac Historic Services), hawa wana kumbukumbu za kiwanda cha Pontiac, wanakupa kopi ya karatasi za gari yako ilivyotoka siku ile. Kwa upande huo mambo safi, namba inaanza na 242 ambayo mwaka huo ni GTO yenyewe, siyo LeMans iliyovalishwa nembo. Ila karatasi zikasema rangi yake ya kuzaliwa ni kijani, Verdoro Green, na herufi mbili za injini nikaziandika kiganjani. Ubaya wa Pontiac ni kwamba blok zao za V8 (ile miili ya injini za silinda nane) kwa nje zinafanana, ya 350 na ya 400 ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha kwa macho, lazima usome namba. Zile herufi zinagongwa mbele ya blok upande wa abiria chini ya silinda hedi, na kuanzia 1968 walikuwa wanagonga na kipande cha namba ya gari. Nikafuta grisi kwa kitambaa, nikamulika. Herufi nyingine kabisa. Nilipozitafuta zikaangukia 400 ya miaka ya sabini iliyotoka kwenye Catalina, lile ligari la familia la Pontiac. Kumbukeni 1971 GM walishusha kompresheni, yani injini inavyobana hewa na petroli, kwa ajili ya petroli isiyo na madini ya risasi, kwa hiyo ile 10.75 kwa 1 na zile nguvu farasi 350 zilizoandikwa kwenye tangazo hazimo humo ndani.

Nikamuita kijana nikamuonesha kiganja changu na blok. Akasema gari siyo yao, ni ya mteja, wao wameandika alichowaambia. Hilo ni kweli, showroom nyingi za hivi zinauzia watu kwa kamisheni na karatasi unayosaini imeandikwa kabisa unanunua ilivyo, ukitoka getini ni yako na kutu yake. Sikugombana. Nilimwambia mimi nalala hoteli ya hapo karibu, gari nitaichukua kwa 38 nikiwa najua kila nilichokiona, au natoa tathmini yangu kwa kila anayeuliza. Asubuhi wakasema 44. Mchana tukamalizana 41,000.

Mtasema kwa nini sikuiacha. Mjomba naye aliuliza. Chasisi yenyewe, ile mihimili, ilikuwa nzima, niligonga yote kwa bisibisi kuanzia mbele mpaka nyuma ya ekseli ambako ndo huwa zinaoza, ikalia ngang ngang. Ingekuwa imeoza hapo ningerudi na basi. Sakafu ya buti inauzwa mpya, Pontiac wamefungwa tangu 2010 lakini vipuri vya kuigiza vya GTO vimejaa, unaletewa mpaka mlangoni. Na kiukweli nilishaisikia ikiwaka, akili ikawa imeshaondoka.

Sasa ni mwaka na miezi. Sakafu ya buti na kile kipande cha nyuma ya tairi vimekatwa vikachomelewa vipya, raba za bodi nimebadili zote, na breki. Breki jamani! Ilikuja na dram miguu yote minne, mara ya kwanza nimesimama kwenye taa nyekundu kwa ghafla ikanivuta kushoto kama punda aliyeona maji, jioni ile ile nikaagiza diski za mbele. Jumla imenila kama 6,800 juu ya bei, kazi ya bati nililipa fundi, nyingine zote nimefanya mwenyewe gereji kwangu huku mjomba ananifokea kwa simu. Bima nimeichukua ya magari ya kale, ile ambayo thamani mnakubaliana kabisa mwanzoni, kwa hiyo ikitokea la kutokea hawakulipi bei ya chuma chakavu. Ya kawaida msikate.

Wese inakunywa, kwa lita moja haifiki kilomita 5, ila ile injini ya Catalina kumbe ina faida yake, inakunywa petroli ya bei ya chini bila kugonga gonga. Ukiendesha polepole kabureta inatumia midomo miwili midogo, imetulia kama inanong'ona, halafu ukikanyaga mpaka chini ile miwili mikubwa ya nyuma inafunguka, unasikia pumzi moja nzito chini ya boneti, puaaah, kiti kinakusukuma mgongo. Mwanangu wa miaka 6 anaiita "ipige chafya baba".

Gari nyota 4, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya harufu ya petroli inayoingia mpaka kwenye nguo za kanisani. Showroom nyota 2, moja ni ya kahawa. Mkaguzi wa picha sina nyota ya kumpa.

Kilichobaki ni taa. Zile kope za taa zinafunguliwa kwa vakyumu, yani injini inavyofyonza hewa, na upande wa kulia kuna mpira unavuja sijaupata bado, kwa hiyo ukiwasha ya kushoto inafumbua fasta na ya kulia inakuja kwa kujivuta kama mtu aliyeamshwa alfajiri. Juzi nikampigia mjomba nimuoneshe, nikaweka simu nyuma kwenye eksozi asikilize mngurumo, nikamkanyagia mara mbili tatu, nikamuuliza unaionaje.

"Nimeisikia," akasema. "Zima sasa, unamaliza mafuta."