Darasa la Meno ya Watoto Wachanga Kliniki: Maoni Yangu Baada ya Kulihudhuria Arumeru

Kituo kimoja cha afya wilayani Arumeru, mkoani Arusha, hutoa darasa la afya ya kinywa kwa walezi wa watoto wachanga siku za kliniki, wakati akina mama wanasubiri mizani na chanjo. Darasa halina malipo, huendeshwa na tabibu wa meno akisaidiwa na muuguzi, na halifiki saa nzima. Nililihudhuria pamoja na mdogo wangu, ambaye mtoto wake ndiyo kwanza ameota meno mawili ya chini, na ninaliona kuwa huduma ya thamani kubwa, ingawa lipo jambo moja zito ambalo, kwa mkoa kama huu, halikupaswa kuachwa.

Ninalisifu kwanza kwa sababu halianzi kwa hotuba. Tabibu alimwomba mama mmoja, kwa ridhaa yake, amlaze mwanawe kichwa kikiwa mapajani, akanawa mikono, akainua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole na kutuita tusogee. Kwenye meno ya mbele, pale yanapokutana na ufizi, palikuwa na mstari mweupe usiong'aa, kama uliochorwa kwa chaki, ambao mama yake aliudhani ni mabaki ya maziwa. Hiyo ndiyo dalili ya mwanzo ya kuoza: bakteria wa kinywani wanakula sukari, wanatoa asidi, na asidi inanyonya madini ya jino. Katika hatua hiyo jino bado linaweza kuokolewa kwa usafi na dawa ya meno yenye floraidi, yaani madini yanayoimarisha jino, lakini likishakuwa la kahawia na kutoboka linahitaji matibabu. Tuliondoka tukijua pia kwa nini meno ya juu ndiyo huanza kuharibika, kwamba yale ya chini hukingwa na ulimi na mate, na kwamba mate hupungua sana mtoto akilala, hivyo chupa ya chai ya maziwa yenye sukari au ya juisi inayobaki mdomoni usiku humdhuru kuliko ile anayoinywa mchana akiwa macho.

Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake aliuliza lile ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni: "Mwanangu, meno ya utoto si yatang'oka tu?" Tabibu hakumkatiza wala hakumcheka. Alimjibu, "Ni kweli bibi, yatang'oka, lakini magego ya utoto yanakaa mpaka mtoto afike miaka tisa hadi kumi na miwili, na ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya ukubwani." Kisha akaeleza maumivu yanayomnyima mtoto usingizi na chakula. Ningependa majibu ya namna hiyo yasikike katika kila chumba cha kliniki.

Sehemu ya chakula ilipita haraka, lakini ilikuwa sahihi: uji wa mtoto aliye chini ya miaka miwili usitiwe sukari, chuchu isichovywe kwenye asali, na kinywa kisafishwe baada ya dawa za maji za kikohozi, ambazo nyingi ni tamu. Nilifarijika zaidi kwamba hakuna mama aliyeambiwa aache kunyonyesha kwa sababu ya meno.

Katika mazoezi ya kupiga mswaki kila mlezi alijaribu kwa mtoto wake mwenyewe. Mswaki uwe mdogo na laini, uanze kutumika jino la kwanza likichomoza, mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele tu hadi mtoto atimize miaka mitatu.

Hapo ndipo ninapokuwa na lalamiko. Arumeru ni mahali ambapo maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi nyingi kupita kiasi, na watu wazima ambao meno yao yamekuwa ya kahawia kwa sababu ya maji hayo wamo katika familia nyingi. Mzazi wa hapa akisikia neno floraidi anaogopa, na hofu hiyo haikujibiwa hata kidogo. Hesabu yenyewe ingewatuliza wengi: punje ya mchele ya dawa yenye kiwango cha kawaida cha 1000 ppm (sehemu 1000 za floraidi kwa kila milioni) ina takriban miligramu 0.1 ya floraidi, ilhali lita moja ya maji yenye miligramu 4 inabeba mara 40 ya kiasi hicho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni maji yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo mlezi alipaswa kuambiwa kwamba dawa kidogo inayofutwa isimezwe si ya kuogopwa, na kwamba la kuangaliwa ni maji ya kupikia uji na kukorogea maziwa, ambayo kuyachemsha hakupunguzi floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilichomo katika wilaya hiyohiyo, kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, na kukitaja kungetosha kuwapa walezi pa kuanzia.

Muuguzi alizungumzia kwa uwazi imani ya "meno ya plastiki", yaani kukata ufizi wa mtoto mwenye homa au kuhara ili kung'oa chonge ambazo hazijachomoza, akataja damu, maambukizi na meno ya ukubwani yanayoharibiwa humohumo ufizini. Ninampongeza kwa ujasiri huo, kwa sababu baadhi ya waliokuwa wamekaa pale walikuwa na wazee wanaoiamini.

Ninaloliomba kituo ni kuwaalika kwa dhati wale wanaoshinda na watoto. Wengi waliohudhuria ni akina mama wanaorudi kazini asubuhi inayofuata, na uji unapikwa na dada wa nyumbani ambaye hakuitwa. Anayekusudia kwenda aje naye, abebe mswaki mdogo wa mtoto kwa kuwa hautolewi pale, na awahi kabla foleni ya chanjo haijaanza kuitwa, maana majina yakianza kusomwa nusu ya darasa husimama na kuondoka.